Usukani Unaotapatapa: Nasaha kwa Wenye Pikipiki za Porini Zilizovishwa Magurudumu ya Lami

Apitaye Gerezani siku za kazi, akashuka katika kituo cha mwendokasi na kuingia vichochoroni ambamo chuma hupigwa, hukatwa na huchomelewa tangu asubuhi mpaka jua linapokuchwa, hakosi kuona pikipiki moja au mbili za umbo geni zimeinuliwa juu ya kreti za soda: foki zake ndefu, kiti chake chembamba, madigadi yake ya mbele yamekaa juu mbali na tairi, lakini magurudumu yake ni madogo na mapana, yamevikwa matairi ya lami. Aghalabu asili yake ni Honda XL, au Yamaha DT, au mashine nyingine ya jamii hiyo, iliyotumika miaka mingi mikononi mwa bwana shamba au mwuguzi katika wilaya za mbali, ikachakaa, ikauzwa mnadani. Kijana wa mjini akainunua, akaileta kwa mafundi ivuliwe gurudumu lake la mbele la inchi 21 na la nyuma la inchi 18, ivishwe yote mawili ya inchi 17.

Mtindo huu una nasaba yake. Mwaka 1979, katika uwanja wa mbio wa Carlsbad huko California, Gavin Trippe aliandaa mashindano yaliyoonyeshwa na televisheni ya ABC, ambamo mabingwa wa lami walikutanishwa na mabingwa wa vumbi katika njia moja yenye sehemu za lami na sehemu za udongo, ili ijulikane nani hodari kuliko wenzake; na mashine iliyofaa zaidi kwa shughuli hiyo ikadhihirika kuwa pikipiki ya porini iliyovishwa matairi ya barabarani. Wafaransa waliupenda mchezo huo wakaukuza, na kutoka kwao ukaenea Ulaya. Lakini izingatiwe kwamba njia za mbio hizo zimejaa kona fupi zinazofuatana, ambapo mashine inayogeuka upesi ina faida kubwa na mwendo mkali wa muda mrefu ni nadra; ilhali kijana wetu, mara tu spoki ya mwisho inapokazwa, huichukua mashine ile ile na kushika Barabara ya Morogoro kwenda Chalinze, barabara iliyonyooka, yenye upepo wa ubavuni na mabasi ya mikoani yatokayo Mbezi Luis yakiyasukuma mawimbi ya hewa mbele yao. Ndipo, anapofika kilomita 90 au 100 kwa saa, usukani unapoanza kumchezea mikononi, kwanza kidogo kidogo, kisha kwa nguvu ambayo mikono ya mwanadamu haiwezi kuizuia.

Akirudi na malalamiko yake Gerezani au Kariakoo atapata majibu mengi kuliko maswali aliyoyauliza. Muuza matairi atamwambia kuwa taksiri ni ya tairi. Muuza beringi atamwambia ni beringi. Na mwenye shokapu ndogo ya usukani iliyotoka katika pikipiki kubwa ya mtumba atamwapia kuwa dawa ni hiyo moja tu. Kila mmoja wao anasema sehemu ya kweli, na ndiyo maana ni vigumu kuwakatalia. Ninalotaka kumwonyesha msomaji ni kwamba katika pikipiki za namna hii ugonjwa mkubwa uliingia siku ile ile gurudumu la mbele lilipopunguzwa, na kwamba vitu vingine vyote, yaani matairi mabovu, rimu zilizopinda, beringi zilizolegea na madigadi yanayopigwa na upepo, ni vichocheo vinavyouamsha. Vichocheo ni rahisi kuviondoa, kwa hiyo tutaanza navyo. Lakini ajuaye asili ya jambo hatapoteza fedha zake kwa kuvifukuza vichocheo peke yake milele.

Kabla ya spana, kuna neno la kuokoa maisha. Mtikisiko ukimjia mtu barabarani, tabia ya asili humwambia aubane usukani kwa nguvu na akanyage breki, na yote mawili huzidisha balaa: mikono iliyokakamaa huufunga mwili wa mpanda pamoja na usukani hata kila mtikisiko ukarudishwa ulikotoka, na breki ya mbele huzamisha foki na kuufanya usukani uwe mwepesi zaidi wa kutapatapa. Linalofaa ni kulibana tangi kwa magoti, kuinama mbele ili uzito uende juu ya gurudumu la mbele, kulegeza mikono pasipo kuuachia usukani, na kupunguza moto taratibu mpaka mwendo ushuke wenyewe. Jambo hili lafaa kukumbukwa kabla ya safari, maana likishaanza halimpi mtu nafasi ya kutafakari.

Sasa tuingie katika uchunguzi. Swali la kwanza la fundi mwenye busara ni hili: mtikisiko unaanzia mikononi au makalioni, na unaanza katika mwendo gani? Mwingereza Robin Sharp, aliyechapisha mwaka 1971 hesabu za mwendo wa pikipiki ambazo wahandisi wangali wanazitegemea, alionyesha kwamba mashine hii ina namna mbili mbalimbali za kuyumba. Moja ni ya usukani peke yake, ya haraka, ambayo hupiga takriban mara sita mpaka kumi kwa sekunde; nyingine ni ya pikipiki nzima, ya polepole, mara mbili au tatu kwa sekunde, ambayo mpanda huisikia kitini kana kwamba sehemu ya nyuma inataka kwenda njia yake. Mbili hizi hazina dawa moja, na nitaonyesha baadaye kuwa dawa ya moja yaweza kuwa sumu ya nyingine.

Mwendo nao una siri yake. Tairi la mbele la 120/70 kwenye rimu ya inchi 17 lina mzingo wa karibu mita 1.9, hivyo katika kilomita 55 kwa saa huzunguka karibu mara nane kwa sekunde, na katika kilomita 70 mara kumi. Hesabu hizo zinaangukia pale pale ambapo usukani hupenda kutikisika. Kwa hiyo mtu ambaye usukani wake hucheza baina ya kilomita 50 na 70, hasa anapoachia moto na kushika usukani kwa ulegevu, kisha ukatulia akizidisha mwendo, atafute kwanza gurudumu lisilo na mizani, rimu iliyopinda au tairi lililolika vibaya. Bali yule ambaye usukani wake umetulia katika mwendo huo na kuanza kutapatapa baada ya 90, na kila akiongeza ukazidi, huyo asipoteze siku nzima kwenye mashine ya kubalansi. Tatizo lake liko katika umbo la pikipiki, katika upepo, au katika kitu kilicholegea.

Matairi yanastahili kutazamwa na wote wawili. Kariakoo huuzwa matairi mema na mabaya, mapya na ya mtumba, na yakishapakwa rangi nyeusi yote huonekana mapya. Atafute mnunuzi, ubavuni mwa tairi, tarakimu nne zilizo ndani ya kijisanduku kirefu: mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka, hata 2319 ikawa na maana ya juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka kumi ghalani hukauka, na mpira mkavu hautulizi mtikisiko kama ule ulio hai. Atazame pia herufi ya mwendo iliyo mwisho wa maandishi ya ukubwa: L ni kilomita 120 kwa saa, P ni 150, S ni 180, H ni 210. Tairi la L katika safari ya Chalinze kwa kilomita 110, na abiria nyuma, ni tairi lililosukumwa mpaka mlangoni mwa uwezo wake. Mshale wa mwelekeo ufuatwe. Upana wa tairi uafikiane na upana wa rimu: tairi la 120/70 hutaka rimu ya inchi 3.5, na la 150/60 hutaka ya inchi 4.25 au karibu yake. Likibanwa katika rimu nyembamba ya pikipiki ya biashara mgongo wake huchongoka, na mpanda huhisi pikipiki ikianguka upande kwa ghafla kila anapoilaza. Upepo uwe paundi 28 mpaka 32 kwa pikipiki nyepesi, na upimwe kwa geji asubuhi kabla tairi halijapata joto. Kidole gumba cha fundi wa pancha, hata awe mzoefu namna gani, si kipimo.

Baada ya matairi zije rimu, na hapa ndipo kazi ya Gerezani inapoonekana kwa wema na kwa ubaya. Mafundi wetu wa kusuka spoki ni hodari, lakini huletewa kazi ngumu: rimu kutoka Thailand au China, habu ya pikipiki ya porini, na spoki zilizokatwa na kutiwa ridi upya ili urefu uafikiane. Gurudumu lizungushwe likiwa juu, kalamu ya risasi iwekwe karibu na ukingo wa rimu, na utazamwe mchezo wake wa kulia na kushoto, na wa juu na chini. Vitabu vya viwanda aghalabu huruhusu usiozidi milimita 2. Kuna nakisi nyingine ambayo macho hayaioni upesi. Rimu yaweza kuzunguka sawasawa kabisa lakini ikawa imesukwa nje ya katikati, milimita tano au sita upande mmoja, hasa ya nyuma, kwa sababu msukaji aliipisha cheni. Dawa ya kuligundua hilo ni uzi wa waashi. Ufungwe nyuma ya tairi la nyuma, uvutwe mbele pande zote mbili kwa kimo kimoja, kila uzi uguse tairi la nyuma mbele na nyuma, kisha ipimwe nafasi iliyopo baina ya nyuzi na tairi la mbele lililonyooshwa. Nafasi za kulia na kushoto zikiwa sawa, magurudumu yamo katika mstari mmoja. Zisipokuwa sawa, yajulikane makosa ni ya kurekebisha cheni au ya usukaji, na alama za kwenye mkono wa nyuma zisiaminiwe, maana nyingi zimepigwa kwa makadirio tu.

Halafu kuna bushi zilizokerezwa. Gurudumu geni halikai katika ekseli ya kale pasipo bushi mpya za kujazia nafasi, na bushi hizo hukerezwa kwa muda mfupi na mafundi ambao ustadi wao mimi ninaustahi sana. Lakini mteja akimfikia fundi na kipimo alichokichukua kwa rula ya shule, bushi itafuata rula hiyo. Iliyo muhimu kuliko zote ni ile isiyoonekana, ikaayo ndani ya habu baina ya beringi mbili: ikiwa fupi kwa unywele tu, ukikaza nati ya ekseli unazibana beringi ubavuni, nazo huzunguka kwa taabu, hupata moto na kufa baada ya muda mfupi, gurudumu huanza kucheza, na mwenye pikipiki hunung'unika kuwa beringi za siku hizi ni bandia. Basi ipimwe kwa kalipa, na baada ya kukaza nati gurudumu lizunguke huru bila kukwama.

Beringi za usukani zimechakazwa na miaka ya njia za makorongo kabla pikipiki haijafika mjini. Inua gurudumu la mbele, ugeuze usukani polepole kwa kidole kimoja kutoka upande hata upande: ukisikia umekwama kidogo pale katikati, kana kwamba umepata kitanda, gololi zimekwisha kuchimba mashimo katika bakuli zake, na hapana kukaza kutakakoponya, zibadilishwe pamoja na bakuli. Kisha ushike foki kwa chini uivute mbele na kuisukuma nyuma. Mlio mdogo wa kugonga ni dalili ya ulegevu. Baada ya kukaza, usukani ulioguswa kidogo uanguke upande wenyewe, kwa utulivu, wala usidondoke kwa kishindo wala usigome. Mkono wa nyuma nao ushikwe na kusukumwa kulia na kushoto, mtu mwingine akiikamata fremu: bushi zake zikiwa zimelika, ndiye mwanzilishi wa kule kuyumba kwa polepole kunakosikika kitini, na watu wengi hubadilisha kila kitu cha mbele pasipo kumfikiria yeye.

Niseme juu ya upepo, kwa kuwa jambo hili hudharauliwa na gharama yake ni ndogo kuliko zote. Nguvu ya hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwenda 100 haiwi maradufu, huwa mara nne. Madigadi marefu ya porini, yaliyowekwa juu ili matope yapate pa kutokea, katika mwendo huo huwa bawa lililofungwa katika foki, na kwa vile yamefungwa katika kitu kinachogeuka, kila upepo unapoyapiga kutoka ubavuni au kutoka chini huugeuza usukani pamoja nayo. Vikinga mikono vipana hufanya vivyo hivyo. Yavuliwe madigadi siku moja kavu, na pikipiki ijaribiwe kwa mwendo ule ule: ikiwa mtikisiko umepungua, umepata jibu bila kununua chochote, na dawa ni madigadi mafupi ya lami yanayokaa karibu na tairi. Tena mpanda mwenyewe ni tanga. Akikaa wima juu ya kiti kirefu, mikono imetanuka kwenye usukani mpana, hewa humsukuma nyuma naye hujishikilia kwa usukani, akiuvuta na kulipunguzia gurudumu la mbele uzito bila kukusudia. Sanduku la mizigo nyuma ya ekseli ya nyuma huzidisha upunguvu huo. Wale waliolifunga sanduku la kupelekea chakula kwenye pikipiki ya namna hii wamechanganya mambo mawili yasiyopatana.

Yakimalizika hayo yote, na usukani ukaendelea kutapatapa baada ya kilomita 90, tumefika penye shina. Uwaze mstari unaopita katikati ya shingo ya fremu, mahali usukani unapozungukia, uuteremshe mpaka ardhini. Utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Masafa baina ya nukta hizo mbili, ambayo katika makala haya nitayaita ufuasi, ndiyo yanayolifanya gurudumu lifuate nyuma ya mhimili wake, na linapopotoshwa na jiwe lirudi njiani lenyewe. Gurudumu dogo la kitanda cha hospitali hujigeuza kuelekea kitanda kinakosukumwa kwa sababu hiyo hiyo. Na mwuguzi anayekisukuma kwa haraka ukumbini ameshaona jinsi gurudumu hilo, ufuasi wake ukiwa mfupi na mhimili wake umelegea, linavyotetemeka kama lenye homa.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue pikipiki ya porini ambayo shingo yake imelala nyuzi 27.5, ufuasi wake milimita 110, na masafa kutoka ekseli mpaka ekseli milimita 1,400. Gurudumu la inchi 21 pamoja na tairi lake lina kimo cha karibu milimita 345 kutoka ardhini hadi ekseli; la inchi 17 lenye tairi la 120/70 lina milimita 300. Mbele imeshuka milimita 45. Nyuma, kutoka la inchi 18 kwenda la 150/60 la inchi 17, imeshuka karibu milimita 24 tu. Pikipiki basi imeinama mbele, shingo imesimama zaidi kwa karibu uzi mmoja kamili, na ufuasi, kwa sababu ya kuinama huko na hasa kwa sababu ya udogo wa gurudumu lenyewe, umeshuka kutoka milimita 110 mpaka karibu 80. Zaidi ya robo imetoweka, wala hapana nati iliyolegea wala beringi iliyokufa. Wepesi ule wa kugeuka ambao mwenye pikipiki aliufurahia siku ya kwanza katika kona za mjini ndio huo huo unaomtetemesha Kibaha. Na kwa kuwa foki za porini ni ndefu na laini, kila akikamata breki huzama sana, na ufuasi uliobaki hupungua tena.

Marekebisho yapo, lakini yafahamike kwa kadiri yake. La kwanza ni kuteremsha foki katika mabamba mawili yanayozishika, ili zisichomoze juu. Ukizipata milimita 10, mbele imeinuka kwa kiasi hicho. La pili ni kuishusha nyuma kidogo, kwa kulegeza springi ya shokapu au kwa vipande virefu zaidi vya kiungo chake. Kila milimita 10 za namna hii hurudisha milimita mbili au tatu tu za ufuasi. Ni msaada, hasha si tiba, na anayezidisha kuishusha nyuma huiondolea mbele uzito wake na kuukaribisha ule mtikisiko wa polepole. La tatu ni kuzikaza foki zisizame: springi ngumu zaidi, au mafuta mazito kidogo, kwa kiasi sawa kabisa katika foki zote mbili, kikipimwa kwa kijiti kutoka ukingo wa juu. Kwa lami, mpanda akiwa amekaa, mshuko wa robo mpaka theluthi ya safari yote ya shokapu watosha. La nne ni kubadili mabamba yanayozishika foki yawekwe yale yanayozirudisha nyuma kuelekea mhimili, kwa kuwa milimita 10 huko huongeza ufuasi kwa zaidi ya milimita 11. Mabamba hayo hutengenezwa Ulaya na Marekani kwa mashine za mbio. Lakini nawaonya vijana dhidi ya shauri nililolisikia, la kuyakata hapa kwa alumini ya mabaki iliyoyeyushwa: kitu hicho kikikatika, gurudumu la mbele huondoka na usukani hubaki mikononi, na hapana fundi atakayekuja kujibu swali hilo.

Ama ile shokapu ya usukani, kwa kweli hutuliza mtikisiko wa haraka. Lakini hesabu za Sharp zilionyesha, na waliokuja baada yake wakathibitisha, kwamba kuizidisha nguvu kunaudhoofisha utulivu wa namna ya pili, ule wa polepole wa pikipiki nzima, katika mwendo mkubwa. Basi anayeifunga juu ya beringi mbovu na bushi zilizolika amelifunika jambo la haraka na kulichochea la polepole, na la polepole ndilo gumu zaidi kulikomesha likianza. Mimi siikatazi, ninasema ifungwe mwisho, ikazwe kwa kadiri ndogo kabisa inayotosha, na iwe juu ya mashine iliyo nzima.

Kila badiliko lifanywe peke yake na lijaribiwe peke yake. Mteja akimwambia fundi abadilishe tairi, beringi na mafuta ya foki kwa siku moja, pikipiki ikapona, hatajua kilichoiponya. Isipopona, hatajua kilichoharibika zaidi. Na majaribio yasifanyike katika maeneo ya makazi, ambako sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa, wala juu ya Daraja la Nyerere pale Kigamboni ambapo upepo wa bahari huja kwa mkupuo. Itafutwe barabara kavu iliyonyooka, asubuhi pasipo magari, mwendo uongezwe kwa kilomita kumi kumi, na dalili ya kwanza ya mtikisiko iwe ndiyo mwisho wa jaribio. Kofia, glavu na koti gumu si mapambo katika kazi hii.

Mtu akiniuliza mwenyewe angefanyaje kama angeanza leo, nitamwambia aulize kwanza pikipiki ni ya nini. Ikiwa ni ya mjini, Magomeni mpaka Posta, inchi 17 mbele na nyuma ni raha tupu, na mwenye nayo akubali tu kuwa mashine yake ina mpaka wa mwendo alioununua kwa hiari. Lakini ikiwa ni ya kwenda Chalinze, Bagamoyo au Kibiti, gurudumu la mbele liwe la inchi 19, na tairi la 100/90. Kimo chake ni karibu milimita 331. Mbele hushuka milimita 14 tu, pikipiki haiinami, na kwa hesabu ile ile ya hapo juu ufuasi hubaki karibu milimita 105, ambao ni kama ule wa kiwandani. Matairi ya lami ya ukubwa huo yanapatikana kwa maana pikipiki nyingi za barabarani za zamani huyatumia, nyuma yaweza kubaki ya inchi 17, na mwonekano haupotei ila kwa jicho la mpenda mitindo. Habu na diski ya breki hubaki zile zile. Rimu na spoki tu ndizo hubadilika, na spoki zipimwe upya, zisitumike zile za inchi 17 kwa kuwa ni fupi. Rimu ya inchi 17 iliyovuliwa haikosi mnunuzi Gerezani, kwani wautakao mtindo bado ni wengi. Ila muuzaji amwambie kwa nini anaiuza.